Fungu Lililolala Bure Koboko

Driwaru alikuwa mwepesi wa hasira, na mjini Arua hilo lilijulikana kuliko jina la baba yake. Ukimpigia simu kumwambia intaneti imekufa kabla hujatazama kama umeme upo, utaambiwa maneno ambayo hata mama yako hakuwahi kukuambia. Lakini atakuja. Atafika na pikipiki ya ushirika, atapanda mlingoti huku akinung'unika, atashuka na vumbi jekundu kwenye nyusi, na mtandao utarudi. Wanachama wa Ushirika wa Mtandao wa Mpakani walishamzoea. Walisema fundi mpole anapatikana, ila huyo atakuja kesho.

Alizaliwa Manibe, kwa baba mkulima wa tumbaku aliyetaka bintiye awe mwalimu. Akaenda Kampala kusomea kompyuta, na alipomaliza kila mtu alimshauri abaki hukohuko. Akarudi. Alisema Kampala mafundi wamejaa mpaka wanagombania nyaya, na Arua hata wa kuziharibu hakuna. Hapo alikosea, maana wa kuziharibu walikuwepo, tena wengi.

Sasa jamani, mtu wa Manibe na kanuni za kanda nzima za kugawa namba za intaneti, wanakutana wapi? Wanakutana Koboko, kwenye kliniki ya Jalia.

Jalia ni mkunga. Kliniki yake ndogo iko kando ya barabara iendayo mpakani, na kumbukumbu za wajawazito wake wote zimo kwenye kompyuta aliyoiweka chumba cha nyuma. Basi katapila za barabara zilikuwa zikikata waya wa Arua kila zilipojisikia, na kila ukikatwa, Jalia hakuweza kufungua kumbukumbu zake mwenyewe. Zilikuwa palepale! Lakini mtambo unaogeuza majina kuwa namba, ule ambao kila kompyuta lazima iuulize kwanza "fulani yuko wapi?", ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa Arua. Waya ukikatwa, hakuna wa kujibu. Mama yuko kitandani ameshika kiuno, na Jalia anamwuliza upya aina ya damu yake, naye mama mwenyewe haijui.

Driwaru alipoelezwa hayo alitukana katapila, akatukana waya, halafu akatulia akafikiri. Dawa ilikuwa inajulikana duniani. Unaweka mtambo wa pili Koboko, unaupa namba ileile ya ule wa Arua, na anayeuliza anajibiwa na ule ulio karibu naye zaidi. Mmoja akifa, mwingine anapokea. Mafundi wanaiita enikasti. Arua walikuwa wanaingia mtandaoni kwa kampuni moja ya mawasiliano na Koboko kwa nyingine, kwa hiyo namba hiyo ilibidi itangazwe kwa dunia nzima kupitia milango yote miwili.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mitandao mikubwa ya dunia haibebi njia ya namba moja. Inabeba fungu zima la namba mia mbili hamsini na sita, pungufu ya hapo inatupa. Basi Driwaru akaiandikia ofisi ya kanda inayogawa namba hizo, akaomba fungu. Wakamwuliza atatumia namba ngapi. Akajibu kwa unyofu wake wote: moja. Wakamwuliza, kwa heshima, kwa nini basi anaomba zote hizo, maana namba ni haba na kanuni inataka aombaye aonyeshe kwamba atazijaza. Akajibu kwamba namba moja haisafiri peke yake. Wakauliza tena. Akajibu tena. Alihisi anatwanga maji kwenye kinu, na kinu chenyewe ni cha kuazima.

Kumbe kanuni ya mambo hayo ilikuwepo zamani! Wanachama wa kanda walishakaa wakakubaliana kwamba anayeomba kwa ajili ya enikasti hatahesabiwa namba anazojaza. Atapewa fungu zima hata kama atatumia moja. Sharti ni moja: fungu hilo ni la kazi hiyo tu. Ukiliingiza kazi nyingine, au kazi hiyo ikikoma, linarudi kwa wenyewe. Driwaru alikuwa amejaza maombi ya kawaida, chini ya kanuni isiyo yake. Alipogundua alicheka kicheko kibaya, akajaza upya, akapewa.

Ikafanya kazi. Waya ulikatwa tena karibu na Maracha, na Jalia hakujua mpaka aliposikia watu wakilalamika sokoni. Hakupiga simu kushukuru, wala Driwaru hakutegemea. Kazi ya fundi wa mtandao ikiwa nzuri hakuna anayeiona. Alinunua nyama choma ya kutosha, akaila peke yake ofisini, akafurahi.

Furaha haikudumu. Malalamiko yakaanza kutoka Koboko, na yote yalikuwa ya ajabu. Kamera ya mashine ya kusaga inaonekana, halafu haionekani. Mtambo wa duka unafunguka ukiwa na laini hii ya simu, ukibadilisha laini haufunguki. Driwaru akaenda Koboko, akabadilisha antena. Akarudi Arua, malalamiko yakamfuata. Akaenda tena, akabadilisha ruta, akakaza kila kilichokazika. Alishinda juu ya mlingoti kwenye jua mpaka midomo ikapasuka, akitafuta ugonjwa kwenye vifaa vizima kabisa. Alianza kujishuku. Mtu aliyesoma, mwenye akili zake, akaanza kunong'ona kwamba labda ni mizimu.

Aliyemfungua macho ni Kambale, Mkongomani mwuza vifaa vya ujenzi aliyekuwa na duka Arua na nyumba ya wageni Koboko. Aliingia ofisini amenuna. Alitaka kujua kwa nini kamera ya nyumba yake ya wageni haionekani akiwa dukani Arua, ilhali mdogo wake aliyeko Kampala anaiona vizuri. Driwaru akamwambia amwonyeshe namba ya kamera. Kambale akageuza simu.

Driwaru aliiangalia namba ile. Ilikuwa ya fungu la enikasti.

"Nani alikupa hii namba?"

"Ni Muzee Lomoro," Kambale akasema. "Ule mutu ni muzuri sana. Hakuniuliza hata kitu."

Kila kitu kikaeleweka palepale, maana Lomoro ndiye aliyetunza mtambo wa Koboko. Fungu lile lilitangazwa Arua na Koboko kwa pamoja. Anayeitafuta kamera ya Kambale kutoka Arua anapelekwa mlango wa karibu, wa Arua, anakuta hakuna kamera. Wa Kampala, kwa bahati ya kampuni yake ya simu, anaangukia mlango wa Koboko. Ni sawa na kutuma mzigo kwa mtu mwenye nyumba mbili huku mpokeaji anaishi kwenye moja tu. Wiki zote zile za kupanda milingoti zilikuwa za bure. Driwaru alitoka nje, akazunguka jengo mara moja, akarudi kumwambia Kambale kwamba atalishughulikia. Kambale baadaye aliwaambia watu kwamba hajawahi kuona mwanamke ananyamaza kwa kelele vile.

Na kama kwamba hayo hayatoshi, wiki ileile ofisi ya kanda ikamwandikia. Ilikuwa ukaguzi wa kawaida wa mafungu ya enikasti, haukumlenga mtu. Walimtaka athibitishe kufikia Ijumaa kwamba fungu lake linatumika kwa kazi iliyoombewa na si nyingine. Akithibitisha uongo wakagundua, linachukuliwa. Akisema kweli kabla hajasafisha, huenda pia likachukuliwa. Na likichukuliwa, Jalia anarudi kuwauliza wagonjwa wasiojua aina ya damu zao. Driwaru akawasha pikipiki.

Mzee Lomoro alikuwa mwenyekiti wa tawi la Koboko. Mlingoti ulisimama kwenye kiwanja chake, mtambo ulikaa kwenye chumba chake, na nywila alikuwa nayo, kwa sababu mtu lazima awepo wa kuwasha na kuzima. Miaka ya vita alikimbilia ng'ambo ya mpaka, akarudi na wanawe, akalima, na hakuna mtu Koboko aliyewahi kufika kwake na haja akaondoka mikono mitupu. Wageni kutoka Kongo, wakimbizi kutoka Sudani Kusini, wakwe, waumini wa kanisa na wa msikiti, wote walilima kwenye ardhi yake. Ukiwa na shamba limelala na jirani akaja kuomba msimu mmoja wa muhogo, unampa. Ukimnyima na shamba liko pale linaota majani, watu wataanza kuuliza una roho gani. Hiyo ndiyo sheria aliyokua nayo, na aliishi kwayo bila kuiandika popote.

Sasa mtu wa namna hiyo umwonyeshe mtambo wenye namba mia mbili hamsini na sita, na inayofanya kazi ni moja tu. Alikuja mwenye mashine ya kusaga akalia kwamba kamera yake haionekani kutoka nje kwa sababu haina namba yake mwenyewe. Lomoro akampa. Akaja wa duka la dawa, akampa. Likaja kanisa, akalipatia. Msikiti je, uachwe? Akaupa. Hakuchukua hata kuku. Alikuwa amejifunza kwa Driwaru mwenyewe namna ya kumwunganisha mteja, na akaifanya kwa uangalifu, bila kosa hata moja.

Driwaru alipofika alikaribishwa chai na enyasa, ugali wa muhogo wa jana uliochomwa. Akakataa hata kukaa, na kukataa kukaa kwa mzee ni jambo zito. Akamwambia yote akiwa amesimama, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Akamwambia kuhusu kanda, kuhusu sharti, kuhusu Ijumaa, kuhusu midomo yake iliyopasuka kwa jua. Akamwambia wema usizidi uwezo, na huu haukuwa hata wema wake, ulikuwa wa kugawa mali ya watu.

Lomoro alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole wake wa kuudhi kwamba namba zilikuwa zimelala, watu walikuwa na haja, na yeye hakuona aliyeumia.

"Zirudishwe leo," Driwaru akasema.

"Leo haiwezekani, binti yangu. Mutu akisha panda muhogo yake, wewe hapana ng'oa. Unangoja avune."

"Mzee, namba inavunwa lini?"

Lomoro akafikiri kweli, kwa dhati kabisa, kana kwamba swali lile lina jibu. Driwaru alitamani kukaa chini ardhini alie. Angeweza kuingia chumbani akang'oa zote mwenyewe kwa dakika chache, na alimwambia hivyo. Lomoro akamwambia afanye, nywila anayo. Ila ajue kwamba alichopewa mtu kwa mdomo kinarudishwa kwa mdomo wa aliyetoa. Fundi akikata waya kimya, kesho watu watakuja wanamwuliza Lomoro walimkosea nini, naye atawaonea haya na kuwarudishia. Driwaru alimtazama akaona mzee hatanii. Angezirudisha kweli, moja baada ya nyingine, kwa heshima na taadhima.

Basi hakung'oa. Alimwambia avae viatu, waende kwa Jalia, aone mwenyewe fungu hili liliombwa kwa ajili ya nani. Huo ulikuwa mpango wake wa mwisho, na aliuona mzuri.

Kumbe Jalia naye alikuwa amepewa namba!

Driwaru alipoiona alikosa hata tusi. Jalia alikuwa amepata mashine ya kupiga picha za mimba, na alitaka Daktari James aliyeko hospitali Arua awe anaingia kwenye mashine hiyo na kuziona picha akiwa hukohuko. Mzee Lomoro alikuwa amempa namba tangu masika. Jalia alisema hairudishi. Wengine wana kamera za kutazama kuku, yeye ana akina mama. Katika namba zote hizo zilizolala, hii moja inamnyima nani usingizi?

Driwaru akamwuliza, taratibu, kama daktari huwa anaziona hizo picha.

Jalia akakunja uso. Alisema huyo daktari ana maringo. Akiwa nyumbani kwake jioni, anatumia laini ya simu, anaziona na anajibu. Akiwa hospitali kazini anadai hazifunguki, ajaribu tena baadaye. Jalia alishajua ni visingizio vya mtu asiyetaka kusumbuliwa na mkunga wa Koboko. Mwezi uliopita alikuwa na mama mmoja, Patricia, mtoto amekaa vibaya. Alipiga simu hospitali mara tatu, na mara tatu daktari akamwambia haoni kitu. Jalia akamjibu vibaya, akakata simu, akampakia Patricia kwenye gari. Alijifungulia njiani, kabla ya Maracha, na damu iliyomwagika kwenye kiti cha gari ilimfanya dereva asimame pembeni atapike. Waliokolewa wote wawili, kwa shida. Tangu siku hiyo Jalia hajampigia tena daktari.

Driwaru akamweleza. Hakupandisha sauti, maana hasira ilikuwa imemwishia ghafla na iliyobaki ilikuwa kitu kingine. Daktari hakuwa na maringo. Kutoka hospitali ya Arua, namba hiyo inaishia mlango wa Arua, na mlango wa Arua hauna picha za mtu yeyote. Kila alipofungua alikuta hewa. Daktari alisema kweli mara zote tatu.

Jalia alikaa juu ya kitanda cha wagonjwa. Alitazama mashine, kisha akamtazama Lomoro.

"Mzee," akasema, "ulinipatia shamba, lakini mvua yake inanyesha kwa jirani."

Akainuka, akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Driwaru akamwahidi njia nyingine: mashine ya Koboko itakuwa inazisukuma picha zenyewe mpaka kwenye kompyuta ya hospitali, na haitahitaji namba yake pekee. Jalia aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anatafuta namba ya simu ya daktari.

Lomoro alitangulia kutoka mpaka barabarani. Halafu akaomba wapitie kwa mwenye mashine ya kusaga kwanza, maana yuko karibu. Siku ile na iliyofuata alipita kwa kila aliyempa, kwa miguu, Driwaru nyuma yake na kompyuta mkononi. Alisema maneno yaleyale kila mlango: nilikupa kitu kisicho changu, nisamehe, ninakiomba kirudi. Wapo waliotoa kwa kicheko, wakisema namba yenyewe ilikuwa na kichaa. Wapo waliomtazama kwa namna ambayo hawakuwahi kumtazama. Kanisani walimwambia Mungu atamlipa, na sauti waliyoitumia haikuwa ya baraka.

Alhamisi fungu likawa safi. Driwaru akaiandikia kanda ukweli wote, nani alipewa namba na nani ameirudisha. Wakajibu kwamba wameupokea, fungu libaki, na wakakumbusha kwamba likikutwa tena na kazi nyingine halitabaki. Wakataka jina la mtu anayewajibika nalo Koboko. Driwaru alikuwa ameshaandika lake. Lomoro akamwambia alifute.

"Weka yangu," akasema. "Watu watakuja kwangu, si kwako."

Hawakukawia. Driwaru alikuwa bado kiwanjani anafunga vifaa kwenye pikipiki wakati Lokule alipoingia. Huyu ni kaka wa mke wa Lomoro, shemeji wa kupewa kiti kizuri na kipande cha kwanza cha nyama. Alikuwa amefungua kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu pale sokoni, akaibiwa, na sasa alikuwa na kamera mpya kwenye mfuko. Alikuwa amesikia kwamba shemeji yake anatoa namba. Alikuwa safarini Yei, Sudani Kusini, hakusikia zaidi ya hapo. Aliomba moja tu, na aliomba vizuri, baada ya kuuliza habari za watoto wote kwa majina.

Lomoro alisimama. Driwaru aliona mikono ya mzee ikitafuta pa kukaa, mara mfukoni, mara mgongoni.

"Hapana," Lomoro akasema.

Lokule alidhani hakusikia vizuri. "Zimeisha?"

"Hazijaisha. Iko mingi."

"Iko, na unaninyima?"

"Nakunyima, shemeji."

Lokule aliangalia mlingoti, akamwangalia mume wa dada yake, akairudisha kamera kwenye mfuko na kuondoka bila kuaga. Mkewe Lomoro, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, aligeuka akaingia ndani nalo. Siku hizo zote Driwaru alikuwa amepiga kelele akitaka mzee huyu ajifunze neno moja tu. Sasa alikuwa amelisema, mbele yake, na Driwaru akainama kukaza kamba iliyokuwa imeshakaza, kwa sababu hakuweza kumtazama usoni.